Benchi la Kinyozi Lilipokwenda Kuniposea

Mimi nina hasira za karibu. Sifichi. Mama yangu kule Lushoto alikuwa akisema hasira zangu ni maziwa jikoni, ukigeuka tu yameshamwagika. Kwa hiyo anayesoma haya asije akashangaa mbele ya safari, eti mtu mzima kafanyaje vile mbele ya wakwe. Nimeshasema.

Gisenyi, hapa Rwanda, nilikuja kutengeneza chumba cha baridi cha hoteli moja kando ya ziwa. Kazi ya muda mfupi, nikabeba mashati mawili. Nilipomaliza akaja muuza sambaza, dagaa wa ziwani, na friza lake, halafu mwenye bucha, halafu mama mmoja wa maziwa, na hadi leo sijamaliza. Fundi wa majokofu katika mji ambao asubuhi unavaa sweta! Lakini riziki haina kabila wala hali ya hewa, nikapanga chumba mtaa wa Mbugangari, nikakaa.

Nywele ndizo zilizonionyesha kwamba niko ugenini. Chakula cha watu utakula, kitanda cha watu utalala, lakini kumkabidhi mtu usiyemjua kichwa chako na wembe, hilo linataka moyo. Niliingia kwa kinyozi mmoja jirani na nilipopanga, kwa sababu tu nilisikia humo ndani wanacheka. Chumba kimoja, kioo kirefu, kiti kimoja cha kuzunguka, na ukutani benchi refu limejaa wanaume ambao nilidhani wanasubiri zamu. Kumbe wengi wao hawakuwa wanasubiri chochote. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, aliyekulia Kongo akarudi, na kichwa chake kilikuwa kitupu kama kibuyu. Nywele zilimhama zamani, yeye kwa kinyozi hakuhama. Mwingine alikuwa askari mstaafu aliyekulia Uganda, kila mtu alimwita afande, naye alitaka kila kitu kiwe kimenyooka, tangu soli za viatu vyake hadi nywele za watu wengine.

Kinyozi mwenyewe ni mtu mnene, mpole, aliyekulia Masisi, Kongo. Akanifunga kitambaa, akaninyoa vizuri tu, mkono mwepesi. Alipomaliza sikupewa kioo. Akazungusha kiti, mgongo wangu ukaelekea kioo na uso wangu ukaelekea benchi. Wote wakanitazama. Nami nikawatazama. Kisha afande akasema upande wa kushoto umebaki. Mwalimu akasema hapana, kushoto kuko sawa, ila juu kupunguzwe, donc, yaani, paji la uso lipumue. Mwingine akainuka kabisa, akaja akanishika kidevu akanigeuza kama mtu anayenunua mbuzi.

Ndiyo utaratibu wa pale. Hatoki mtu kwenye kile kiti mpaka benchi limeridhika. Mimi sikuujua, na ningeujua nisingeukubali. Nilipandwa na mori. Niliwaambia kichwa ni changu, nywele ni zangu, na aliyewaita mahakimu simjui. Nilisema mengi. Kinyozi alingoja nimalize, mashine iko mkononi, kisha akaniambia kwa Kiswahili chao cha kule:

"Kichwa ni ya kwako, lakini weye hauionake. Ni sisi tunaiangaliaka."

Nilitoka na poda shingoni, nikaapa sirudi. Mara iliyofuata nilikwenda kwa kinyozi mwingine kule sokoni, kijana aliyevaa visikilizio masikioni. Alininyoa vizuri sana. Hakuna aliyesema neno. Nilipotoka nilijiona kama barua iliyogongwa mhuri, nikapita barabara nzima bila mtu wa kumwonyesha kichwa. Mara ya tatu miguu ilinirudisha yenyewe Mbugangari. Nilisimama mlangoni nimenuna, nikisubiri wanicheke. Hawakucheka. Walisogea tu, nikakaa.

Tangu hapo nikawa mtu wa benchi, na tangu hapo tukawa tunagombana. Niligombana na mwalimu kwa sababu alisema viazi vya Lushoto ni vidogo kuliko vya Kanzenze, na yeye Lushoto hajafika hata kwa ndoto. Niligombana na kinyozi kwa sababu ya spiriti, anaipaka bila kukuonya mpaka unaruka. Kila nikigombana natoka, nasema safari hii basi. Nikikosekana siku mbili, wanamtuma mwenye pikipiki wa pale nje aje aulize kama nimeumwa au nimenuna, ili wajue walete uji au waniache.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa ndevu. Nilifuga ndevu, nikaona zimenipa heshima. Benchi likaona vingine. Afande alisema hazijanyooka, zinaonekana kama zimekuja kwa miguu kutoka mbali. Wakaamua ziondoke, nikakataa. Jambo likawa la kila siku, nikiingia hawanisalimii mimi, wanazisalimia ndevu. Niliwaambia nitazikwa nazo.

Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kupita mara kwa mara kwenye duka moja la dawa kununua vidonge vya kichwa ambacho hakikuwa kikiuma. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mcheshi, mwenye macho ya mtu anayejua kwamba kichwa hakiumi. Wazazi wake walirudi kutoka Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake kilinikaa masikioni kama cha nyumbani. Siku moja alinipa vidonge vyangu, akaniangalia, akasema, "Ukizitoa hizo ndevu tutaongea vizuri."

Nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi, nikakaa kitini, nikafumba macho. Benchi lilishangilia kana kwamba timu ya taifa imefunga. Walipojua nani aliyesababisha walishangilia zaidi, na tangu siku hiyo mapenzi yangu yakawa ni mali ya umma. Nilichomwambia, alichonijibu, alivyocheka, yote yalipimwa pale benchini. Nikikosea wananisahihisha. Nilikasirika, ndiyo, lakini niliendelea kuwaambia.

Basi ikafika siku ya kuonana na baba yake, kule Rugerero. Mzee mrefu, mkimya, mwenye kauli chache. Alinikaribisha, akanipa maziwa, akaniuliza kazi yangu, akafurahi kwa sababu jokofu lake lilikuwa linavuja na nililiponya palepale. Nikadhani nimeshafika. Ndipo akaniuliza watu wangu wako wapi. Nikasema Lushoto. Akatikisa kichwa.

"Mtu akinikosea huwa namfuata kwao," alisema. "Wewe ukimkosea binti yangu nitamfuata nani, nipande basi hadi Lushoto? Njoo na watu wako, wakusemee. Mtu asiye na watu simpi mtoto. Ukija peke yako utakunywa maziwa tu, halafu utarudi ulikotoka."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Nikampigia baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akakubali kuja kunisemea. Tukapanga siku. Mavuno yakamzuia, siku ikasogezwa, na mzee wa Rugerero akasema ameisogeza mara moja kwa heshima, haitasogea tena. Sherehe yenyewe wenyeji wanaiita gusaba, yaani kuomba. Familia ya mwanamume inakwenda na msemaji wake, familia ya mwanamke ina msemaji wake, wanakaa wakiangaliana, wanazungumza mpaka binti anatolewa. Jumatano ya wiki ya sherehe baba mdogo akanipigia. Alikuwa ameanguka na bodaboda. Mguu uko kwenye plasta.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilikwenda kwa kinyozi, sikuwa na nywele za kunyoa, nikakaa benchini kimya. Mimi nikikaa kimya watu wanaogopa. Mwalimu akauliza. Nikawaambia yote, na nilipofika kwenye maneno ya mzee, kwamba mtu asiye na watu hampi mtoto, nikayarudia mara mbili. Nilimpenda yule mwanamke. Nilikuwa nimeshaanza kuweka sabuni mbili bafuni, mimi peke yangu, kama mwendawazimu.

Kinyozi alikuwa ananyoa mteja. Akazima mashine. "Bon," akasema, "samedi tunaenda."

Nikauliza Jumamosi hiyo wanaenda akina nani.

"Sisi," akasema, akawasha mashine.

Haya bwana. Kuanzia saa ile duka likawa baraza la ukoo. Mwalimu akateuliwa kuwa baba mdogo, kwa umri na kwa miwani. Afande akawa mjomba. Mwenye pikipiki na wateja wengine wawili wakawa binamu. Usemaji aliutaka kila mtu, wakabishana mpaka kinyozi akaupata, kwa hoja kwamba yeye peke yake anaweza kusema kutwa nzima huku mikono inafanya kazi nyingine. Mimi nilifundishwa pa kukaa, namna ya kupokea kinywaji, lini nisimame na lini nisisimame. Juu ya yote nilipewa sharti moja: muoaji hasemi. Hata nyumba ikiungua, mimi nikae kimya, msemaji atasema. Mwalimu alinifanya nirudie hilo sharti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaapa.

Kitu kimoja hawakuniambia, wala siwalaumu. Kwao ni jambo ambalo mtu analijua tangu anabebwa mgongoni.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda nzima inatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na hakuna duka linalofunguliwa mpaka iishe. Tulichimba mtaro asubuhi ile, ukoo wangu wote mpya na mimi, huku kila mmoja akitupia saa jicho. Ilipoisha ilikuwa saa tano, na Rugerero tulitakiwa saa saba. Tukakimbilia dukani na matope miguuni. Vichwa sita vya kunyoa, mashine moja, kinyozi mmoja, naye mwenyewe anahitaji kunyolewa. Afande akaanza kueleza anavyotaka pembeni panyooke. Kinyozi akamwambia leo hakuna kuchagua. Akakitoa kitana cha mashine, kile kinachobakiza nywele, akakitupa kwenye droo, akatunyoa wote upara, mmoja baada ya mwingine, kama anavuna. Wa mwisho alikuwa yeye, akanyolewa na mwenye pikipiki, na alama za kazi hiyo zilionekana. Mwalimu tu ndiye hakuguswa. Alipakwa mafuta.

Tulishuka Rugerero tukiwa tumechelewa, tumevaa makoti, vichwa saba vinang'aa juani. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Sisi siku ile tulifaana na tukafanana. Shangazi mmoja wa upande wa pili alitusogelea akauliza kwa upole kama tumefiwa.

Pale uani palikuwa na mahema mawili yanayotazamana, watu wamejaa, na msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye kipaza sauti na ulimi wa moto. Alianza na kuchelewa kwetu, akatutania mpaka watoto wakalala chini kwa kicheko. Kinyozi alimjibu kwa unyenyekevu, akaomba radhi, akasifu nyumba, akasifu ng'ombe, akasifu mvua. Alikuwa hodari kuliko nilivyotegemea. Kinyarwanda changu ni cha majokofu, kinajua kuuliza kimeharibika lini na umeme ulikatika saa ngapi, lakini nilifuata. Kinyozi akafika kwenye jambo lenyewe, akamwombea kijana wake binti.

Yule mzee mfupi akaweka uso wa huzuni. Akasema ni bahati mbaya, binti huyo wameshampa mtu. Kuna bwana mmoja wa Busasamana aliwahi mapema, tena na ng'ombe wazuri.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama kinyozi, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anasema wanaelewa, wanaomba wafikiriwe. Mwalimu anasonya kidogo. Afande anakunywa pombe ya mtama. Hakuna aliyeshtuka! Yule mzee akaendelea, akasema na hata huyo wa Busasamana akishindwa, kuna mwingine, askari, naye yuko njiani. Kinyozi akasema, eeh, ni kweli, binti mzuri ana wengi.

Kwetu Lushoto mshenga anapeleka barua ya posa, jibu linakuja: ndiyo au hapana. Hapana ikisemwa ni hapana, unakunja mkeka unaondoka. Mimi nilikuwa nasikia hapana mbele ya kadamnasi, nyingine juu ya nyingine, na ukoo wangu unakunywa. Maziwa yakachemka. Nikasimama. Mwalimu akanishika koti, nikamponyoka.

"Jamani, kama mmeshampa mtu mwingine, si mngesema tangu juzi? Mmeniacha ninyolewe upara bure! Na hawa msiwahangaishe, si ndugu zangu. Huyu ni kinyozi, na hawa ni wateja wake. Ndugu yangu yuko Lushoto kavunjika mguu. Mimi hapa sina mtu. Lakini binti yenu nampenda, na huyo wa Busasamana hata simjui!"

Hapo ndipo nilipojisikia nilichosema. Sina mtu. Neno lilelile nililokatazwa kuja nalo, nimelipeleka mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mwenye mji. Ulimi uliponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe hakikuwa hata na unywele wa kujifichia. Mwalimu akaninong'oneza, "Ni mila, wewe. Wanamkataliaga kila mutu. Mimi walinikatalia mpaka jua ikazama." Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu la kuazima. Mahali fulani ndani ya ile nyumba alikuwa amekaa yeye, amevishwa, anasubiri kuitwa, na alikuwa amesikia kila kitu.

Baba yake akasimama. Hakuchukua kipaza sauti. Akamwangalia kinyozi, akamuuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kama niliyosema ni kweli.

Kinyozi angeweza kudanganya. Mdomo huo unaweza kuuza barafu kwa watu wa Gisenyi. Lakini alisimama, akaufuta upara wake kwa leso, akasema taratibu:

"Ni kweli, muzee. Mi ni kinyozi, na hawa ni watu ya benchi yangu. Damu hatuna naye. Lakini muliuliza kama iko na watu. Huyu, tangu afike kwangu, anagombana. Aligombana na mi, na mwalimu, na afande juu ya ndevu. Akitoka anasema harudi. Kisha anarudi, tunasogea, anakaa. Muzee, mutu asiye na watu hagombanake hivi. Mutu asiye na watu anakuwaka na adabu kila siku. Akikosea, mukuje kwangu Mbugangari. Mulango iko wazi."

Akakaa. Afande, ambaye hajawahi kuniunga mkono katika lolote, akasema ni hivyo. Mimi nilikuwa bado nimesimama, mikono sijui niiweke wapi.

Mzee wa Rugerero alinitazama kidevu. Kisha akauliza, "Na hizo ndevu, alizinyoa?"

"Alizinyoa," wakajibu wote pamoja.

Uso wa mzee haukucheka, ila mabega yalitikisika. Akanitazama mimi.

"Kaa chini, mkwe," akasema. Halafu akamgeukia msemaji wake. "Endelea kumnyima. Lakini mnyime polepole, huyu moyo wake uko karibu."

Nilikaa. Mwalimu akanipa leso yake bila kunitazama, na kinyozi akanisogezea glasi. Yule mzee mfupi akashika tena kipaza sauti, akakohoa, akaninyima kwa ajili ya bwana wa Busasamana, akaninyima kwa ajili ya yule askari, akaninyima kwa ajili ya tajiri mmoja wa Kanzenze ambaye nadhani alimzua palepale. Kila aliponinyima benchi zima liliguna kwa uchungu, na mimi niliguna nao, machozi yananidondoka kwenye koti la watu. Sijapata kunyimwa kitu nikafurahi namna ile.